Mabaraza ya Jinja na Mbale na Tiba ya Waraibu

Ugatuzi, yaani kuhamishia wilayani madaraka ya serikali kuu, uliotiwa nguvu nchini Uganda na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, uliyapa mabaraza ya Jinja na Mbale usimamizi wa vituo vya afya, lakini hospitali za rufaa za miji hiyo zikabaki mikononi mwa serikali kuu. Mgawanyo huo unaeleza mengi kuhusu upunguzaji wa madhara, huduma isiyomlazimisha mraibu kuacha kwanza dawa za kulevya, bali inayompa sindano safi, vipimo vya UKIMWI na homa ya ini, au methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, yaani mateso ya kuzikosa dawa hizo. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini Uganda ilifunguliwa mwaka 2020 katika hospitali ya serikali kuu ya Butabika, Kampala, miaka tisa baada ya ile ya Muhimbili, Dar es Salaam. Na kwa kuwa mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, kikombe kile kidogo kilikuwa mbali kikatili na mkazi wa Mbale, aliyetenganishwa nacho na zaidi ya kilomita 200 za barabara.

Tarehe 1 Julai mwaka huohuo Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji, lakini hadhi hiyo haikubadili sheria ya dawa za kulevya, iliyoendelea kumhesabu mwenye kete moja mfukoni kuwa mhalifu. Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha Mei 2023, kwa ombi la wakulima na wauzaji wa mairungi, yaani mirungi, sababu ilikuwa kupitishwa kwake bila akidi ya Bunge, wala si afya ya mtumiaji, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha nyingine.