Uasi, Ushirikina au Ukombozi? Vita vya Maji Maji katika Mizani ya Maneno

Mwezi wa Julai 1905, wakulima wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa mipamba katika shamba walilolazimishwa kulilima. Tendo hilo lilizaa vita vilivyoenea hadi Upogoro, Ubena na Ungoni, navyo havikuzimika kabisa hadi mwaka 1907. Tangu hapo vita hivyo vimepewa majina mengi, na kila jina limebeba hukumu yake.

Watawala wa Kijerumani waliviita uasi. Katika Kiswahili, mtu huasi amri ya mwenye haki ya kuamrisha: Mungu, mzazi au mtawala halali. Neno hilo basi huithibitisha haki ambayo ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa. Haki gani ilikuwapo katika shokoa ya pamba, iliyosimamiwa na maakida na majumbe kwa ujira duni, huku mashamba ya chakula yakimezwa na magugu?

Wengine waliviita ushirikina, kwa sababu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu dawa iliyosadikiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita viliendelea kuenea. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe katika miaka ya 1960 yanadhihirisha kwamba maji yale yalifanya kazi ya kiapo: yaliwafunga pamoja watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Naye Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969), aliibadili tahajia ya jina na kumfanya shujaa wake kiumbe cha sanaa. Haifai basi tamthilia hiyo isomwe kama hati ya historia.

Baada ya uhuru, neno ukombozi lilitawala. Neno hili lina haki yake, ila halienei kila mahali. Wahehe wengi walikuwa upande wa Wajerumani, na askari wengi wa jeshi la mkoloni walikuwa Waafrika. Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa vita hivi huko Lindi, hakuwatazama wapiganaji kama mashujaa wa taifa. Taifa lenyewe lilikuwa bado kuzaliwa.

Hata jina la Maji Maji lina kasoro. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000; Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya serikali yaliteketeza maghala na mashamba. Jina hilo humwelekeza msikilizaji aulize kwa nini maji yalishindwa. Halimwelekezi aulize ni nani aliyechoma mtama.

Huko Songea hukumbukwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na ni huko Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikoomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023. Lakini msamaha hauwezi kutangulia jina la kosa. Kosa hilo likiendelea kuitwa kuzima uasi, aombaye na aombwaye hawatakuwa wakizungumza juu ya jambo moja. Hapo ndipo kazi ya mwanaisimu inapokutana na ya mwanahistoria: kulipima neno kabla ya kulirithisha.