Homa ya ini aina ya B
Homa ya ini aina ya B husababishwa na virusi, na hatima ya mgonjwa hutegemea sana umri wake anapoambukizwa. Takriban asilimia 90 ya watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi maishani. Kwa watu wazima ni chini ya asilimia 5. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Wapo wanaohoji: haraka ya nini, ilhali dawa ya tenofovir ipo? Dawa hiyo hudhibiti virusi na kupunguza hatari ya saratani ya ini, lakini ni nadra kuvimaliza, kwani vinasaba vya virusi hivyo hujificha ndani ya kiini cha seli. Nayo chanjo inayosubiri hadi wiki ya sita baada ya kuzaliwa huweza kumkuta mtoto ameshaambukizwa na mamaye.