Gerimani ya Kipushi katika Historia ya Upitishaji wa Chaji

Historia ya elektroniki aghalabu huandikwa kana kwamba ilianzia na kuishia maabarani. Hutajwa wavumbuzi na tuzo zao. Ama mawe yaliyowezesha uvumbuzi huo, ni nadra kuulizwa yalichimbwa wapi na nani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Katanga ya Juu ina fungu lake katika historia hiyo, na kwamba namna fungu hilo lilivyopatikana na kupungua ni somo kwa vyuo vyetu.

Kutoka Kasomeno hadi Kipushi, na mbali zaidi ya hapo, nchi hii imefahamika kwa shaba, hata baina ya 1971 na 1997 jimbo zima likaitwa Shaba, kwa neno la Kiswahili. Shaba ni kipitishi: elektroni zake nyingi zi huru kusafiri. Kinyume chake ni kihami, kama vile mpira. Baina ya hivyo viwili kuna nusu-vipitishi, na miongoni mwavyo imo gerimani, elementi iliyogunduliwa na Clemens Winkler huko Freiberg, Ujerumani, mwaka 1886.

Mnamo Desemba 1947, katika maabara za Bell nchini Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waligusisha ncha mbili za dhahabu, zilizokaribiana mno, juu ya kipande cha gerimani. Ncha ya kwanza ilinyang'anya gerimani baadhi ya elektroni zake, ikaacha nafasi tupu zenye tabia ya chaji chanya. Nafasi hizo zilisafiri hadi ncha ya pili na kuongeza mkondo uliopita pale. Hivyo ishara dhaifu iliweza kutawala mkondo wenye nguvu. Chombo hicho, yaani transista, kilitangazwa hadharani mwezi wa Juni 1948.

Mwaka huohuo J. F. Vaes aliyaeleza madini mapya kutoka mgodi wa Kipushi, yapata kilometa 30 kutoka Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville wakati ule. Aliyaita reniriti, kwa heshima ya mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier. Yafaa tuzingatie kwamba madini hayo hayakuwa mageni machoni. Yalikwisha kuitwa borniti ya rangi ya chungwa, yakihesabiwa kuwa aina moja ya mawe ya shaba. Yalikosa jina lake yenyewe, na aliyekuja kuyapa jina ndiye aliyeyapa thamani.

Hatudai kwamba gerimani ya transista ya kwanza ilitoka Kipushi. Tunachodai ni kwamba katika miaka ya 1950, transista zilipotengenezwa kwa wingi, Kipushi na Tsumeb ya Namibia zilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya gerimani duniani. Mawe yalichimbwa Katanga na wafanyakazi wa Union Minière, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi. Gerimani ilisafishwa Ubelgiji. Transista iliporejea Katanga, ilikuja ndani ya redio, tena kwa bei.

Kuanzia miaka ya 1960 silikoni, ambayo asili yake ni mchanga upatikanao karibu kila nchi, ilichukua nafasi ya gerimani katika vyombo vingi. Hatua nyingine ilifuata mwaka 1977. Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini, ikitiwa mvuke wa iodini, huongeza upitishaji wake wa umeme mara mamilioni. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge walikuwa wamekwisha kutangaza taa iliyotengenezwa kwa polima ya jamii hiyo.

Katika polima hizo vifungo vya kaboni hupokezana, kimoja cha kawaida na kimoja maradufu, na kwa hiyo elektroni huweza kuenea kwenye mnyororo. Hata hivyo minyororo haikupangika kama fuwele ya gerimani. Chaji itokayo kwenye metali hukabili kizuizi mpakani. Ikishaingia, huruka kutoka mnyororo mmoja hadi mwingine, nayo huenda polepole zaidi.

Hapa ndipo lilipo somo letu. Gerimani ilihitaji Kipushi. Polima huhitaji kaboni, hidrojeni na maarifa. Nchi iliyochangia mawe pekee huachwa nyuma mara tu mawe yanapobadilishwa.

Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Mwaka huohuo gerimani iliyotolewa katika mlima wa mabaki ya tanuri za Lubumbashi ilipelekwa Ubelgiji, kwa kuwa bado inahitajika katika nyuzi za mawasiliano na vyombo vya kuonea joto. Njia ni ileile ya zamani, ingawa safari hii sehemu kubwa zaidi ya kazi inafanyika Lubumbashi kwenyewe.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba istilahi za sayansi hizi. Kazi iliyobaki ni kuzifikisha istilahi hizo Katanga na kuzifundishia, ili mchimbaji wa jiwe aweze pia kuwa mwenye kulieleza.