Jackson Richardson: mabao hayafiki mawili

Wadau, leo tuweke soka kando kidogo. Nataka tuongelee mpira wa mikono, mchezo ambao wengi wetu tuliuacha shuleni enzi za UMISSETA na hatukuufuatilia tena.

Nianze na hesabu. Jackson Richardson aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 417, akafunga mabao 775. Gawanya mwenyewe: hata mawili kwa mechi hayafiki. Katika mchezo ambao timu hufunga 20 na ushee kwa siku, hizo ni namba za mtu wa benchi. Sasa ilikuwaje akatangazwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka 1995?

Jamaa alizaliwa 1969 Saint-Pierre, kisiwani Réunion, mashariki ya Madagaska. Ni bahari yetu hii hii. Zamani kisiwa kiliitwa Bourbon, na mashamba yake yalilimwa na watumwa waliotolewa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, Kilwa ikiwemo. Tangu 1946 ni mkoa wa Ufaransa, ingawa Paris iko zaidi ya kilomita 9,000. Kijana wa huko akitaka kuishi kwa michezo, lazima avuke maji. Richardson alivuka mwaka 1989.

Jibu la swali langu liko kwenye ulinzi. Kwa kawaida wachezaji sita hujipanga kwenye mstari wa mita 6 kama ukuta, wakisubiri kushambuliwa. Kocha Daniel Costantini alimtoa Richardson kwenye ukuta huo akamsimamisha mbele, peke yake. Kazi yake? Kuvuruga. Anamsumbua mchezeshaji wa wapinzani, anakata pasi, ananyakua mpira, rasta zinapepea. Mwenzake akimalizia, bao linaandikwa kwa jina la mwenzake. Na ile pasi ambayo mpinzani aliogopa kuipiga haiandikwi popote.

Lakini medali ziliandikwa. Shaba ya Olimpiki Barcelona 1992. Fedha ya dunia 1993. Halafu 1995 kule Iceland, kikosi kilichojiita Barjots, yaani machizi, kikaifunga Croatia 23-19 kwenye fainali. Ndio ulikuwa ubingwa wa kwanza wa dunia kwa Ufaransa katika mchezo wa timu, miaka mitatu kabla ya akina Zidane. Mwaka 2001 akatwaa tena dunia jijini Paris, Sweden ikilala 28-25 katika muda wa nyongeza. Mwaka huo huo akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Portland San Antonio ya Hispania.

Athens 2004 ndiye aliyebeba bendera ya Ufaransa kwenye ufunguzi. Fikiria hilo: mtoto wa kisiwa ambacho mtu mweusi aliwahi kuhesabiwa kama mali, ametangulia mbele ya msafara mzima. Mwaka uliofuata akaiaga timu ya taifa.

Sisi waandishi wa michezo swali letu la kwanza huwa moja: kafunga mangapi? Kwa swali hilo Richardson angepita mbele yetu tusimwone. Najiuliza ni wangapi wa aina yake wanakimbia sasa hivi kwenye viwanja vyetu vya vumbi, wananyakua mipira, na kesho gazetini hawamo.

Nawasilisha.