Msaji: Mti Mmoja, Falme Mbili

Msaji mbichi hauelei. Gogo lake likitupwa mtoni likiwa bado na maji ndani, huzama. Kwa hiyo wakata miti wa Burma, ambayo leo ni Myanmar, na wa Siam, ambayo leo ni Thailand, waliuua mti ukiwa umesimama: walichanja pete kulizunguka shina hadi kwenye moyo wa mbao, wakauacha ukauke kwa miaka miwili au mitatu. Ndipo walipouangusha, ndovu wakaliburuta gogo hadi kijitoni, likangoja mvua kubwa zije kulichukua.

Subira hiyo ilikuwa na malipo yake. Mbao ya msaji ina mafuta yanayoikinga na maji na mchwa, na waunda vyombo wa Bahari ya Hindi waliijua zamani. Hata jina lake limetoka kwa Waarabu. Waingereza nao waliitaka kwa meli zao.

Burma ililipa gharama kubwa kuliko mbao yenyewe. Mwaka 1885 baraza la Mfalme Thibaw liliitoza kampuni ya Waingereza ya Bombay Burmah faini ya rupia laki 23, likidai imetoa magogo mengi kuliko iliyoyalipia. Waingereza walikuwa tayari na hofu kwamba Ufaransa inanyemelea Mandalay, mji mkuu wa Thibaw, na faini ile ikawapa kisingizio. Mwezi Novemba jeshi lao lilipanda mto Irrawaddy. Kabla mwezi haujaisha, Thibaw alikuwa mateka akipelekwa India. Tarehe 1 Januari 1886 ufalme wake ukatangazwa kuwa mali ya Uingereza.

Siam iliyaona hayo kutoka ng'ambo ya mpaka. Huko kaskazini, watawala wa Chiang Mai walikuwa wakikodisha msitu mmoja kwa watu wawili, na kesi za raia wa Kiingereza zikazidi kurundikana. Mfalme Chulalongkorn hakungoja zigeuke vita. Mwaka 1896 aliunda Idara ya Misitu na kumkabidhi Herbert Slade, Mwingereza aliyeijua kazi hiyo kutoka Burma, kisha misitu ikaondolewa mikononi mwa watawala wale na kuwekwa chini ya Bangkok. Kampuni za kigeni ziliendelea kukata, lakini kwa kibali cha mfalme. Ilikuwa hekima kubwa ya utawala.

Misitu yenyewe haikupona. Mwaka 1961 ilifunika zaidi ya nusu ya Thailand. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 haikufika theluthi moja. Novemba 1988 mvua zilibomoa milima ya kusini iliyovuliwa miti, na matope yaliyochanganyika na magogo yakakifukia kijiji cha Kathun. Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya asili.

Shoka halikulala. Lilivuka mpaka. Majenerali wa Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati huo, waliotwaa madaraka Septemba 1988, walikuwa na njaa ya fedha za kigeni. Desemba mkuu wa jeshi la Thailand, Chavalit Yongchaiyudh, aliwatembelea, na kampuni za Thailand zikapata vibali vya kukata msaji kando ya mpaka. Marufuku ya Bangkok ililinda miti ya Thailand kwa kuigharimu miti ya jirani.

Myanmar yenyewe ilisimamisha kuuza magogo nje mwezi Aprili 2014. Mwaka 2021, baada ya mapinduzi mengine, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliwekea vikwazo shirika la serikali linalouza mbao hizo.