Waliovuka Ufipa Mwaka 1873

Sisi tukaao Mwazye twaijua baridi ya nchi yetu na ugumu wa vilima vyake. Basi na tuwakumbuke walioivuka na mzigo wa huzuni. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo mwezi wa Mei, 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakauchukua kuelekea pwani. Mwaka 1872 walikuwa wamepita naye milimani kando ya ziwa Tanganyika, wakataabika mno kwa kupanda na kushuka. Hivyo safari hii waliiacha njia ile, wakashika ya mashariki, katikati ya Ufipa. Oktoba walifika Unyanyembe. Februari 1874, Bagamoyo. Watoto wetu hufundishwa jina la aliyechukuliwa. Wafundishwe pia majina ya waliomchukua.