Windows ya Nyumbani na Windows ya Ofisini

Kabla ya mwaka 2001, mtu aliyenunua kompyuta ya nyumbani hakuulizwa anataka toleo gani la Windows. Alipewa iliyokuwapo sokoni: Windows 3.1 ya mwaka 1992, Windows 95 iliyotoka Agosti 1995, au Windows 98. Zote zilisimama juu ya MS-DOS, mfumo endeshi wa 1981 uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na mashine yake, na ulinzi ndani yake ulikuwa mdogo mno. Nywila ya Windows 95 haikumzuia yeyote. Aliyekuta kisanduku cha kuingilia alibonyeza kitufe cha Esc, naye akawa ndani.

Maofisini kulikuwa na ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1988 Microsoft ilimwajiri Dave Cutler, mhandisi kutoka Digital Equipment Corporation, ili asimamie uandishi wa mfumo mpya kuanzia msingi. Mfumo huo, Windows NT, ulitoka Julai 1993. Ulimtambua kila mtumiaji kwa jina lake, uliweka ruhusa juu ya kila faili, na programu moja ikianguka haikuiangusha mashine nzima. Gharama yake ilikuwa vifaa: NT 4.0 ya mwaka 1996 ilitaka RAM ya MB 12 kwa uchache, wakati Windows 95 iliweza kuwaka kwa MB 4. Katika miaka ambayo RAM ilikuwa ghali, tofauti hiyo pekee ilitosha kuiweka NT mbali na nyumba za watu.

Hadi hapo mgawanyo ulikuwa wa kiufundi kweli: mifumo miwili, misingi miwili. Lakini ndani ya NT yenyewe mgawanyo wa namna nyingine ulikuwa umeshaanza. NT 4.0 iliuzwa kama Workstation, ya mezani, na kama Server, iliyozidi bei kwa mamia ya dola. Mwaka huohuo wa 1996, Andrew Schulman na Mark Russinovich walionyesha kuwa kiini cha mifumo hiyo miwili kilikuwa kilekile. Mashine ilipowashwa, kiini kilisoma mpangilio uliohifadhiwa ndani yake, kikajua kijitambulishe kama nani, kisha kikajirekebisha kulingana na jibu. Ugunduzi huo ndio ufunguo wa historia yote iliyofuata. Tangu hapo, mara nyingi toleo la bei nafuu halikuwa mfumo mdogo zaidi, bali mfumo uleule wenye milango iliyofungwa.

Tarehe 25 Oktoba 2001 koo mbili zikaunganishwa. Windows XP ilileta msingi wa NT nyumbani, nayo ikaja katika sura mbili: Home Edition kwa dola 199 na Professional kwa dola 299. Home haikuweza kujiunga na mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva, haikukubali kuendeshwa kutoka mbali kwa Remote Desktop, wala haikusimba faili. Kwa familia nyingi hayo hayakuwa na uzito. Kilichokuwa na uzito ni ruhusa za faili. Kwenye Professional, mwenye kompyuta aliweza kufungua sifa za folda, akaenda kwenye kichupo cha usalama na kuamua nani asome na nani asiguse. Kwenye Home kichupo hicho hakikuonekana. Hata hivyo, mashine ileile ikiwashwa katika hali ya usalama, ile inayotumiwa na mafundi kutafuta hitilafu, kichupo kilitokea palepale na kilifanya kazi. Uwezo ulikuwamo siku zote, ila ulifichwa. Ni vigumu kuutetea uamuzi huo, kwa sababu nyumba ambayo baba, mama na watoto watano wanatumia kompyuta moja inahitaji mipaka ya faili kuliko ofisi ambayo kila mtu ana mashine yake.

Ufungaji uliopita kiasi ulikuja 2004. Mwaka uliotangulia, serikali ya Thailand ilikuwa imeanza mpango wa kompyuta za bei nafuu zilizotumia Linux, mfumo endeshi wa bure. Microsoft ilijibu kwa Windows XP Starter Edition, iliyoanzia Thailand, Malaysia na Indonesia kisha ikapelekwa nchi nyingine zinazoendelea. Haikuuzwa peke yake, ilikuja tu ndani ya kompyuta mpya za bei ya chini. Mtumiaji aliruhusiwa kufungua programu tatu kwa wakati mmoja. Akijaribu ya nne, alipata ujumbe wa kumtaka afunge mojawapo kwanza. Kompyuta hizo hazikushindwa kuendesha programu nne. Mnunuzi mwenye kipato kidogo aliuziwa mashine iliyopunguzwa nguvu kwa makusudi, ili mwenye kipato kikubwa asishawishike kununua ya bei hiyo.

Windows Vista, iliyofika madukani Januari 30, 2007, iliongeza matoleo hadi sita: Starter, Home Basic, Home Premium, Business, Enterprise na Ultimate. Home Basic ilikuwa dola 199, Ultimate dola 399. Diski ya DVD ilikuwa na matoleo kadhaa kwa pamoja, na namba ya leseni ndiyo iliyoamua lipi lifunguke. Mkanganyiko ukafika mahakamani. Tangu 2006 kompyuta zilikuwa zikibandikwa stika iliyosema zinaiweza Vista, kumbe baadhi yake ziliiweza Home Basic tu, ambayo haikuwa na madirisha ya mwonekano wa kioo yaliyotangazwa kila mahali. Wanunuzi walifungua kesi Seattle mwaka 2007. Mwaka uliofuata Jaji Marsha Pechman aliwaruhusu waendelee kama kundi moja, kisha Februari 2009 akaliondolea kundi hadhi hiyo.

Windows 7, ya Oktoba 22, 2009, ilirekebisha baadhi ya hayo. Starter iliondolewa kikomo cha programu tatu kabla ya kuuzwa, ingawa mtumiaji wake hakuweza hata kubadilisha picha ya mandhari kwenye skrini. Vikomo vya RAM vilibaki: GB 2 kwa Starter, GB 8 kwa Home Basic na GB 16 kwa Home Premium. Katika lugha, wasomaji wa Kiswahili walipata nafuu ambayo wengine hawakuipata. Aliyetaka kugeuza Windows 7 yake kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa alihitaji Ultimate au Enterprise. Kiswahili kilitolewa bure kama tabaka juu ya Kiingereza, na kiliwekwa kwenye toleo lolote.

Afrika Mashariki, hata hivyo, wengi hawakuchagua toleo dukani. Kompyuta za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya zilifika na stika ya Professional ubavuni, na fundi alipoitwa kupiga Windows upya aliweka diski aliyokuwa nayo, mara nyingi Ultimate isiyo na leseni halali. Mtu alipata jina kubwa zaidi kwenye orodha, na huku hakuwa na uhakika na kilichomo ndani ya nakala hiyo.

Linux ilifuata njia nyingine. Ubuntu, iliyoanza Oktoba 2004, ilizaa Kubuntu na Xubuntu, lakini zote ni za bure. Xubuntu ni nyepesi kwa ajili ya mashine dhaifu, Kubuntu ina mwonekano tofauti, na hakuna inayomfungia mtumiaji kitu. Huo ni mgawanyo wenye faida kwa mtumiaji mwenyewe.

Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 Microsoft ilipunguza matoleo ya madukani, na Windows 10, ya Julai 29, 2015, ikabaki na Home na Pro kwa watu wa kawaida. Tofauti zinazomgusa mtu wa nyumbani leo ni chache. Pro ina BitLocker kamili ya kusimba diski nzima, hupokea Remote Desktop, na humpa mtumiaji mamlaka zaidi juu ya wakati wa kusasisha. Home ina usimbaji rahisi zaidi kwenye mashine zinazouweza, na Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, Home ndiyo iliyodai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa. Anayebeba nyaraka za kazi kwenye laptopu ana sababu ya kulipia Pro. Kwa masomo, barua pepe, filamu na hesabu za duka dogo, Home inatosha, na fedha inayobaki ina kazi nzuri zaidi kwenye RAM au diski ya SSD. Kuhusu uhai wa mfumo hakuna tofauti: msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025 kwa Home na Pro siku moja, na kila sasisho kuu la mwaka la Windows 11 hupewa miezi 24 ya msaada kwenye matoleo yote mawili.